Nilisikia "Bana"

Mzee wangu Arap Rotich,

Nakuandikia nimekaa juu ya gunia lako la mchanga, lile tulilokuwa tukifulia bati, kwa sababu kiti chako nimeshindwa kukikalia. Mama Chebet, mkeo, alipita hapa karakana asubuhi na chupa ya chai, akaniambia kiti ni mbao na misumari tu, nikalie. Yeye ana roho ngumu kuliko mimi. Nimemwambia nitakikalia siku nyingine.

Habari njema kwanza. Gari la Bwana Langat limekwisha, na limeondoka Jumamosi iliyopita likinguruma hadi wanawake waliokuwa wanapimisha majani chai wakaacha vikapu vyao wakakimbilia barabarani. Habari mbaya ni kwamba lilikaribia kuondoka likiwa limeharibika, na aliyeliharibu ni mimi. Nililibana nyuma, Mzee. Yale madigadi mawili ya juu ya magurudumu ya nyuma, uliyoyafua kwa mkono wako kabla hujalazwa, niliyachukua nikayabana.

Subiri, usikunje uso. Nitaeleza.

Unakumbuka Bwana Langat alivyoingia hapa Sosiot mara ya kwanza, akashuka kutoka kwenye lile dude la Kijapani lenye tairi la spea mgongoni, ambalo siku hizi kila tajiri wa chai analo? Nilidhani amekuja kunyooshewa mlango. Sisi tulikuwa mafundi wa malori yaliyogongana na matrekta yaliyoingia mtaroni, tena mimi nilianza kwa kushona viti tu ndipo ukanipa nyundo. Yeye akaketi, akatusimulia alivyokuwa akichunga ng'ombe kule Londiani akiwa mtoto, na mzungu mmoja aliyepita kila Jumapili na gari la boneti refu, taa za mviringo, na nyuma ya duara. Akasema, "Mzee, nataka hiyo kari. Lakini ndani iwe na mashine ya leo, ya kuamsha wafu. Na iwe moja tu. Mwenye atataka kama yangu, akose." Ulicheka mpaka ukashika kiuno. Kisha ukaokota chaki, ukaanza kuchora sakafuni.

Mwaka mmoja na nusu tulifua alumini. Hukukubali hata kijiko kimoja cha fila, ile rojo ya kuzibia mabonde kwenye bodi. "Fila ni uongo, Nekesa. Mvua ya Kericho itaijua." Kila bonde kwenye bati ulilitoa kwa nyundo, ukipitisha kiganja macho umefumba, na mimi nikifuata nyuma na msasa. Sijawahi kuwa na furaha vile, na sikukuambia. Nilidhani ulikuwa ukiona.

Nyuma ya gari ndiyo iliyotugombanisha. Wewe uliitaka nene. Mimi nilisema limekuwa kama ng'ombe mwenye mimba ya miezi tisa, kwamba gari la tajiri linatakiwa kuishia kwa wembamba, lipite kama mshale. Ukanijibu, "Wewe Nekesa unapenda kitu nyempamba kwa sababu mwili yako ni nyempamba." Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu ukanitumia vikombe viwili vya chai na hindi la kuchoma, nikauchukua ugomvi wenyewe nikaula pamoja na hindi. Lakini moyoni sikuwa nimekubali.

Halafu ukaugua.

Siku ile nilipokuja hospitalini Kaplong, nilikuja na swali moja. Ulikuwa umeacha madigadi yamefuliwa lakini hayajashikishwa kwenye bodi, na mimi sikutaka kuyachomelea bila neno lako. Nikainama nikakuuliza, "Mzee, nyuma nifanyeje?" Ukafungua macho. Ukasema neno moja.

Sasa hapa ndipo ninapotaka unisikilize. Wewe Mkipsigis, mimi Mluhya wa Bungoma. Wewe unasema "poti" ukitaka bodi, mimi nasema "papa" nikimwita baba. Kwa hizo herufi mbili, p na b, tulikuwa vipofu wawili tunaoonyeshana njia, na miaka yote hatukuwahi kupotea, kwa sababu katika karakana hakuna anayesikia neno. Nyundo zinalia, mvua ya mawe inapiga mabati ya paa, kwa hiyo tulikuwa tukisema kwa mikono. Viganja ukivitenganisha, ni pana. Vidole viwili ukivikutanisha, ni bana. Mtu akituona kwa mbali angedhani tumeokoka na tunasifu.

Siku ile mkono wako wa kulia ulikuwa umefungwa kwenye mpira wa maji ya dawa. Wa kushoto Mama Chebet alikuwa ameushika kwa mikono yake miwili. Ulijaribu kuuinua ule wa kulia, nesi akakuomba utulie. Ukabaki na mdomo peke yake, na mdomo ukasema, na mimi nikasikia "bana".

Nitakuambia ukweli ambao sijamwambia mtu mwingine. Nilisikia "bana" kwa sababu ndilo nililotaka kusikia. Nilitoka hospitalini machozi yakinitoka na bado moyo unacheka: Mzee amekubali! Mwishowe amekubali kwamba nilikuwa sawa! Siku tano baadaye ukatuacha, na mimi nikaenda mazishini kwako nikiwa na fahari hiyo ya kijinga mfukoni.

Baada ya mazishi nilifanya kazi kama mtu aliyetumwa. Niliyaweka madigadi yako juu ya gunia, nikayafua kuingia ndani, vidole vitatu kila upande. Wenzetu wa karakana ya jirani wakaja kutazama, wakasema limependeza. Na lilipendeza, Mzee, sitakudanganya. Niliwaambia wote, "Ni amri ya Mzee."

Kisha yakaletwa magurudumu. Bwana Langat alikuwa ameagiza tairi za nyuma za mbio, zimejaa, kila moja ina kifua kama mcheza mieleka. Tukazifunga. Zikaingia kwa shida. Nikajiambia zitazoea, kana kwamba tairi ni kiatu. Bwana Langat akaketi kwenye stelingi, mimi kando yake, tukapanda kuelekea Londiani, na kwenye kona ya kwanza yenye shimo nikasikia sauti ya kukwaruza. Kona ya pili, harufu ya mpira unaoungua ikaingia ndani. Tulisimama. Tairi ya kushoto ilikuwa imeliwa na bati, mstari mmoja umechimbika kama umekatwa kwa kisu. Gari lenye nguvu zile, Mzee, kwa mwendo ule. Kilomita chache zaidi na tairi ingepasuka tukiwa juu ya mteremko.

Bwana Langat akashangaa. "Lakini nilimwambia Mzee! Nilienda kumwona Kaplong, nikamwambia tairi yenye inakuja ni kupwa!" Nikamuuliza ni lini. Akasema ni siku moja kabla yangu.

Nilishuka moja kwa moja kwenda kwa Mama Chebet. Nikamkuta anakamua. Nikamuuliza Mzee alikuwa akisema nini siku ile nilipokuja. Hakuinua hata uso. Akasema kwamba asubuhi ile yote ulikuwa ukimwambia kwa Kikipsigis kwamba nyuma ya gari iongezwe, ipanuke, iwe kama ya ng'ombe aliyezaa mara nyingi, na kwamba Nekesa hataki lakini atakubali. "Si akakuambia mwenyewe? Akasema pana." Na hata yeye, Mzee, aliposema hilo neno, nililisikia "bana". Ila yeye alikuwa ameachilia chuchu za ng'ombe na viganja vyake viwili viko hewani, mbali mbali.

Wahenga wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi la mkuu nililisikia, na guu likavunjika vile vile.

Bwana Langat akaleta suluhisho lake. Weka tairi ndogo, akasema. Gari linapendeza hivi lilivyo, kina nani watajua? Nilifikiri siku mbili nzima. Ukitaka kujua mimi ni mtu wa namna gani, jua hivyo, kwamba nilifikiri siku mbili. Maana kuyapanua kulikuwa na gharama moja ambayo yeye hakuijua: bati lako lilikuwa limefuliwa mara mbili, limekuwa jembamba na limechoka, halingepanuka bila kupasuka. Ilibidi niling'oe. Kazi yako ya mwisho duniani ingebaki chakavu pembeni, na mahali pake pangekaa kazi yangu.

Nililing'oa. Nilikata na huku nikikutukana, unisamehe, nikisema kwa nini hukuandika, kwa nini hukumwambia Mama Chebet anieleze. Bwana Langat alikuja akaona gari halina nyuma, akapandwa na hasira, akasema atalipeleka Nairobi kwa watu wenye akili. Nikafunga lango kwa kufuli, nikamwekea chai na maandazi, nikamwambia Nairobi ipo tu, haiendi popote. Alikunywa vikombe vitatu. Kisha akakunja shati akanishikia bati, tajiri mzima.

Wiki sita, Mzee. Nilifua macho nimefumba kama wewe, kiganja juu ya bati. Bila fila. Na madigadi mapya yalipokaa, nikarudi nyuma hadi ukutani kutazama, na nikaona ulichokuwa ukikiona tangu siku ya chaki. Boneti lile refu lilikuwa likitafuta uzito wa kuegemea. Nililokuwa nimelibana lilikuwa gari zuri lisilo na mahali pa kukaa. Hili lilikuwa limekaa. Umeshinda, na ningetoa chochote unicheke usoni.

Jumamosi Bwana Langat alilizunguka mara moja. Aliweka mkono nyuma, pale penye duara, akakaa hivyo muda mrefu. Akasema, "Ni hii. Hii ndio ilikuwa inapita kila Jumapili." Kisha akauliza kama hayo ya nyuma yalifanywa na Mzee. Nikamjibu kwamba Mzee alisema, mimi nikafanya, na nilifanya mara mbili kwa sababu mara ya kwanza sikusikiliza. Akaitikia kwa kichwa. Tulipanda hadi Londiani na kurudi, na hakuna kilichogusa kitu.

Sasa nakuaga. Karakana nitaiweka wazi, Mama Chebet nitamwangalia, na fila haitaingia hapa nikiwa hai. Na ninakuahidi jambo moja zaidi. Mtu akiniambia neno, awe mzima au awe kitandani, nitamwomba alirudie, hata nikionekana mjinga.

Maana si bati ninalolilia. Bati nimelifua jingine. Ninalilia kwamba siku ile nilijua kuuliza si ujinga, na sikuuliza. Ningesema tu, "Mzee, rudia." Nawe ungerudia, kwa taabu, lakini ungerudia. Ningekuwa na sauti yako mara moja zaidi.

Pumzika, Mzee wangu. Asante. Kwa lugha yako, kongoi.

Ni mimi,
Nekesa