Kanga wa Salim

Jumatatu, 7 Julai
Baridi. Nimemsogezea Kanga bakuli lake kwa ufagio, kama kila asubuhi. Hata hivyo ulimi wake umenigusa mkono. Nimeosha mara saba, moja kwa udongo wa kwenye kopo, kama dini inavyotaka kwa mate ya mbwa. Vidole vimepasuka.

Mbwa si wangu. Ni wa mwanangu Salim, aliyekufa mwezi wa tano kwa ajali, akirudi kutoka kazini bandarini Port Botany. Mbwa wa Kifaransa wa kuwindia ndege, Braque du Bourbonnais, aliyezaliwa na kijimkia kama kidole gumba. Hapa Australia ni wa kuhesabu. Salim alimsubiri miaka. Akamwita Kanga kwa yale madoadoa, kama ndege kanga. Wazungu wa mtaani wakadhani kangaruu. Akawaacha wadhani.

Jumatano, 9 Julai
Amelia mchana kutwa. Mbwa wa aina hii asipokimbia kila siku ananyong'ea, na upweke hauwezi. Na mimi na magoti haya, jina la mtaa wenyewe maana yake Vilima Saba. Nimempigia simu mama mfugaji aliyemuuzia Salim mbwa. Amempata mtu mwenye shamba, atakuja kumchukua Jumamosi. Nimekubali. Nimepumua. Nguo zangu za kusalia zitakaa safi.

Alhamisi, 10 Julai
Hajala. Amelalia buti la kazi la Salim. Namwonea hasira. Yeye analia kwa sauti, mimi kimya.

Jumamosi, 12 Julai
Mwenye shamba amekuja. Mtu mpole. Alimwambia Kanga akae, kwa Kiingereza. Kanga akamtazama tu. Alimwita, hakwenda. Akajaribu hata Kifaransa cha kubahatisha. Mwisho akaniuliza kama mbwa ni kiziwi.

Niliona haya. Nikamkemea kwa Kiswahili, kama mtoto mbele ya wageni: "Kaa chini, unasemeshwa."

Akakaa.

Nikamwambia alete kiatu. Akaenda, akaleta buti la Salim. Halafu, sijui kwa nini, nikasema, "Njoo kwa mama."

Akaja. Akaniwekea kichwa mapajani.

Salim, tangu aanze shule hapa, nikimsemesha Kiswahili alinijibu Kiingereza. Niliamini lugha imemfia mdomoni. Kumbe alikuwa akiizungumza huko uani, na mbwa, kwa maneno yale yale niliyomlea nayo. Mimi mamake sikuyapata. Imeniuma, na nimefurahi, vyote pamoja.

Nimelia mbele ya mgeni. Akaniaga, akaondoka peke yake.

Jumapili, 13 Julai
Tumetembea polepole mpaka bustanini. Njiwa walikuwa kwenye nyasi. Kanga akaganda, mguu mmoja juu. Juzi ningemvuta. Leo nimesimama naye mpaka wakaruka wenyewe.

Nyumbani nimeosha mikono, nimejaza tena kopo la udongo. Magoti yanauma. Njia nzima nilikuwa nikimsimulia Kanga jinsi Salim alivyokuwa utotoni. Hakunijibu kwa Kiingereza.