Waya Si Kamba ya Kuanikia

Baba Shukuru,

Maharage yapo jikoni, yamebakiza chumvi tu. Kile kiboksi chenye taa za kijani usikichomoe, na waya wowote usiuguse. Naenda Handeni kwa fundi mwenye koleo la kubana vichwa vya waya, maana kimoja kimeng'oka.

Kimeng'oka kwa sababu mama yako alianika nguo kwenye waya wa mtandao, ule niliouvusha uani kutoka kompyuta za sebuleni hadi ile ya chumba cha nyuma. Na darasa langu la kompyuta linaanza kesho! Nikapiga kelele, "Nani huyu hana akili?" kabla sijamwona. Mama akaanua nguo zikiwa mbichi, akaingia ndani kufunga mzigo wa kurudi Vugiri.

Na wewe ukaniambia eti namfukuza mama yako kwa ajili ya waya. Kamba ya kuanikia nani aliitoa akafungia mbuzi? Angeanika wapi, kichwani kwako?

~~Mwambie mama nimekosa.~~ Usimwambie kitu, nitapiga magoti mwenyewe. Wewe mzuie tu asiondoke. Ikibidi, ficha viatu vyake.

Ukimaliza kusoma, mfungie mbuzi bandani, urudishe kamba mahali pake. Halafu anika zile nguo zilizo kwenye beseni, taratibu. Nimezichungulia sasa hivi natoka. Zote ni zangu, na juu kabisa lipo gauni langu la kesho. Mama alilifua kabla sijaamka.

Mama Shukuru