Kopo la Juu ya Trekta

4 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Mimi kichwani sijambo, goti ndilo linalonuna tangu daktari alipasue. Kaka yako hapa mjini ananilisha vizuri na kunichunga nisitoroke.

Sasa trekta, maana litalala hadi Novemba. Liwashe kwanza lipate joto, ndipo umwage oili chafu ingali moto, utie mpya. Jaza dizeli tangi zima lisishike kutu. Fungua nyaya za betri. Mwisho lifunike bomba la moshi kwa kopo langu la rangi, mvua isiingie. Usiruke hata moja. Nakujua, ulizaliwa mkunga akiwa bado njiani!

Klachi siiwezi tena, nawe kusubiri hujui. Nimemwambia Kipara, yule dalali, aje siku ya kwanza ya kulima alichukue trekta akaliuze.

Baba yako, mwenye trekta

11 Juni

Shikamoo Baba,

Pole na goti. Yote nimefanya, kopo limekaa juu ya bomba kama kofia.

Lakini Kipara wa nini? Usukani nimejifunza mapajani mwako. Nalitaka mimi, Baba. Likiwaka siku hiyo, niachie.

Binti yako

20 Juni

Mwanangu,

Umenishika pabaya. Haya, likiwaka mbele ya Kipara, ni lako. Ila injini ya baridi haikanyagwi mafuta. Liache lingurume taratibu mpaka umalize kikombe cha chai ya moto. Ukilikimbiza, analichukua yeye.

Baba

12 Novemba

Shikamoo Baba,

Goti linakunjika? Kipara alifika mapema na shati jeupe pee. Nikafunga nyaya, nikapima oili, nikamimina chai. Niliiwaza chai hiyo mpaka nikasahau kopo!

Nilipowasha, likaruka puu, likampita Kipara sikioni, na masizi yote yakamwishia kifuani. Akafoka, "Kanyaga mafuta basi, tuone nguvu zake!"

Nikamwambia, "Mwenda pole hajikwai." Nikaketi juu ya jembe la trekta, nikanywa hadi tone la mwisho huku ulimi unaungua. Kisha nikalima hadi bondeni, na trekta halikukohoa hata mara moja. Niliporudi Kipara hayupo. Nikalia kwa furaha, peke yangu, kama mjinga.

Binti yako

19 Novemba

Mwanangu,

Nimecheka hadi kaka yako akadhani nalilia goti. Umeona kopo limebonyea ubavuni? Mwaka wangu wa kwanza nililisahau mimi, likampiga bibi yako begani. Mama mkwe! Na safari hii nimesahau tena kukukumbusha ulitoe.

Nilisema hujui kusubiri. Kumbe mwenye haraka nilikuwa mimi, nikauza kabla sijakuuliza. Nisamehe, mama.

Jumamosi daktari ananiachia. Nipokee stendi, na uje na trekta. Weka mto pale pembeni mwa kiti chako, na chai kwenye chupa. Sitashika kitu.

Baba yako, abiria