Mwalimu Asiyejua Kusoma

Nakuru, Jumapili. Mwaka wa ishirini na nane tangu niondoke Modogashe.

Mjukuu wangu Hodan,

Asalaam aleikum. Bibi yako anatembea tena, na shangazi yako amejifungua salama.

Unauliza kama uwatii wazee wa ukoo hapo Garissa, wanaotaka mumwambie karani wa uchaguzi hamjui kusoma, msaidiwe kupiga kura mbele ya wakala wa mgombea wao, naye aone mliyemchagua.

Sisi pia tuliagizwa hivyo. Nilikuwa mwalimu hapo Modogashe. Kituoni, wakala akamwambia karani, "Huyu hajui kusoma. Asaidiwe."

"Nusu ya watu kwenye foleni hii nimewafundisha kusoma mimi," nikasema.

Mzee mmoja akacheka. "Basi sahau leo tu, maalim. Kesho utakumbuka."

Sikusahau. Niliingia peke yangu, nikaweka alama, nikakunja karatasi na kuitumbukiza sandukuni. Wazee wakaamini nimewasaliti, wakanifukuza; kabla ya mwezi kwisha nilikuwa nimefungasha vitabu vyangu.

Nilimpigia kura mgombea wao, Hodan. Nilimpenda tangu mwanzo. Mara mbili wametuma watu: nitaje tu niliyempa kura, nisamehewe, nirudi nyumbani. Sijawaambia, wala sitawaambia. Mimi sirudi.

Babu yako