Asali ya Miwa Uani kwa Ayi Liang

Guangzhou, Idi Mosi, mwisho wa Januari 1998. Mchana, manyunyu, baridi inayopenya hadi kwenye soksi.

Mji umenyamaza. Mwaka mpya wa Wachina umekutana na Idi yetu wiki moja, na soko la nguo la Zhanxi lote limefungwa, hata mikokoteni ya mizigo imetiwa minyororo. Sina mzigo wa kufunga wala bei ya kubishania. Nimekaa kitandani, blanketi miguuni, tumbo limejaa.

Nina furaha. Niandike hilo kwanza, kabla sijaeleza mengine.

Kwa asiyenijua: naitwa Zuhura, mtu wa Pangani. Nanunua nguo za watoto hapa na kuzipeleka Kariakoo. Hiyo ndiyo kazi. Asali ya miwa si kazi, ni mapenzi. Kila majira ya baridi, miwa myeusi inapojaa barabarani, nanunua ndoo ya maji yake, nayachuja kwa kitambaa chembamba nilichokata soko la vitambaa la Kangle, kisha nayachemsha polepole mpaka yawe mazito, mekundu, ya kung'aa. Ndoo nzima inanipa chupa chache tu. Siuzi. Nakula na chila, zile chapati laini za mchele, nagawia watu, basi.

Mwaka wa kwanza niliunguza, nikapata kitu kama lami. Mwaka wa pili ikaganda ikawa sukari ndani ya chupa. Huu ni mwaka wa tatu, na sasa naijua. Nasema bila kujivuna: naijua.

Maji ya miwa yana tabia moja mbaya. Hayasubiri. Ukiyaacha bila kuyapika, yanachacha upesi, na harufu yake ni ya pombe, huwezi kuificha. Hilo ndilo lililonitia matatani.

Katikati ya mwezi wa mfungo gesi iliniishia jikoni, ndoo ikiwa imejaa. Muuza gesi hakuja siku hiyo, na siku iliyofuata maji yalikuwa yameshachacha, yanatoa povu yenyewe. Nikayamwaga kwenye mfereji wa ukumbini. Ngazi nzima ikanuka kama kilabu cha pombe Jumamosi.

Ninaishi na Neema. Ni binti wa Mbeya, Mkristo, anafanya biashara ya redio na saa. Mdogo kwangu, mcheshi, mwepesi wa mdomo. Jioni ile alikuwa kwenye mgahawa wa Waislamu pale barabara ya Huanshi Zhonglu, ambako sisi watu wa Afrika Mashariki hukutana, akawaambia waliokuwepo: "Dada Zuhura ameanza kupika gongo ya miwa. Ukipanda ngazi zetu, ukifika juu umelewa."

Watu wakacheka. Utani huo. Lakini tuko wachache mji huu, na maneno hayana mbali pa kwenda. Baada ya siku mbili hakuna aliyekuwa akicheka. Ilikuwa imekuwa habari: Zuhura, mwanamke wa Kiislamu, anapika gongo, tena ndani ya Ramadhani.

Sikujua chochote mpaka Maalim Sudi aliponipigia simu.

Maalim Sudi ni mfanyabiashara wa vitambaa, mtu wa Unguja, na ndiye anayetuswalisha kwenye chumba tulichokodi. Baada ya swala ya Idi wote huenda kwake kufungua kinywa, na kila mwaka chila huwa juu yangu. Aliniambia kwa sauti ya upole, ile ya upole unaoumiza: "Mwanangu, mwaka huu usijisumbue na chila. Watu wana wasiwasi na chombo chako."

Nikamuuliza wasiwasi gani. Akaniambia.

Sikulia. Niliishika simu muda mrefu baada ya yeye kukata, nikijiangalia kwenye kioo cha kabati kana kwamba namwangalia mtu mwingine.

Siku hiyohiyo Ayi Liang, mwenye nyumba, alipanda mwenyewe. Sisi wote humwita Ayi, yaani shangazi. Yeye ndiye anayeniandikisha polisi kila ninapoingia nchini. Bila yeye sina pa kulala. Alisimama mlangoni, akanusa. Akasema kwa Kichina cha taratibu ili nimwelewe: "Harufu ile niliisikia mimi mwenyewe. Nyumbani kwangu hapapikwi pombe. Kama ni kweli, sikukuu ikiisha utafute kwingine."

Nikamwambia si pombe. Akatikisa kichwa. Hakusema naongopa, hakusema nasema kweli. Akashuka.

Neema aliporudi nilikuwa nimekaa jikoni na koti langu.

"Neema, ulisema nini mgahawani?"

Alinielewa papo hapo. Uso ukamshuka. "Dada, nilitania tu. Haki ya Mungu, nilitania."

"Maalim amekataa chakula changu. Ayi anataka kunitoa. Kwa utani wako."

"Nitawaambia."

"Utawaambia nini? Kwamba ulikuwa unacheka? Watasema unanificha kwa sababu tunalala chumba kimoja."

Akakaa chini sakafuni na viatu vyake. Mimi nilikuwa na maneno mengi makali, na niliyasema yote. Siyaandiki hapa. Aliyapokea.

Nilipoishiwa ndipo wazo likanijia, na likanijia limekamilika. Kitu wanachodhani nakifanya kwa siri, nitakifanya uani, mchana, mlango wazi. Muwa mbele yao, mashine mbele yao, chungu mbele yao. Anayetaka kunusa anuse.

Nilishuka kwa Ayi Liang nikamwomba ua. Akaenda nyuma, akaburuta jiko lake la makaa ya mawe yenye matundu, akaliweka katikati ya ua, akanielekezea kidole: "Hapo. Mahali ninapokuona."

Nikachagua siku ya mwisho ya mfungo.

Muuza miwa wa kwenye kona hakwenda kijijini kwao kwa sikukuu. Yeye huuza zaidi watu wanapokuwa nyumbani. Jana baada ya adhuhuri alikuja na baiskeli yake ya magurudumu matatu, mashine ya kukamulia ikiwa nyuma, akapaki uani. Majirani wasiokuwa na pa kwenda wakatoka kuangalia. Ayi Liang akaleta kigoda na mbegu za tikiti, akakaa kama mtu aliyekata tiketi.

Neema hakuwepo. Nilidhani ameona haya, kajificha. Nikasema moyoni, na akae hukohuko.

Maji yakatoka ya kijani, yenye povu. Nikachuja, nikatia chunguni, nikawasha. Mwanzo hakuna cha kuona. Unaengua taka zinazopanda, unaengua tena, moshi unakuingia machoni. Jirani mmoja akauliza kama ni dawa. Muuza miwa akajibu kwa niaba yangu kwamba ni ujinga wa mgeni, lakini mgeni analipa. Wakacheka wote, nami nikacheka.

Halafu lango likafunguka, akaingia Neema. Nyuma yake Maalim Sudi na wazee watatu wa pale mgahawani.

Baadaye nilijua alichofanya. Alikwenda mpaka kwenye ile meza ya mgahawani alipotania, wazee wakingoja magharibi, akasimama, akasema mbele ya wote: "Maneno ya gongo niliyatunga mimi. Dada Zuhura hajawahi kuonja pombe. Yuko uani anapika sasa hivi. Mwenye shaka anifuate." Akageuka akatoka, bila kujua kama kuna anayemfuata.

"Shikamoo, Maalim," nikasema bila kuacha mwiko.

"Marahaba." Akasogea, mikono nyuma. Akatazama makapi ya miwa, akatazama ndoo. Akainama juu ya chungu, akavuta pumzi. Akavuta kiti akakaa.

Hapo ndipo nilipoingiwa na hofu ya kweli, na haikuwa hofu ya watu. Nilikuwa nimefunga. Asali hii huwa naimalizia kwa ulimi: naonja, najua, natoa motoni. Ukichelewa kidogo inaungua, ukiwahi itachacha chupani. Na jana, mbele ya Maalim, ulimi wangu haukuwa wangu.

Mapovu yalikuwa yameanza kuwa madogo, mazito, yanapasuka kwa sauti ya chini. Neema alikuwa amesimama kando, mikono mifukoni, haniangalii.

"Neema," nikasema, "wewe hujafunga. Njoo uonje."

Akashtuka. "Mimi?"

"Kuna Neema mwingine?"

Akaja. Nikachota kidogo, nikapoza kwenye kisahani, nikampa. Akaonja akafumba macho.

"Tamu."

"Najua ni tamu. Nyuma ya utamu kuna nini? Unasikia majani mabichi?"

Akafikiri. "Ndiyo. Kama nyasi."

"Bado, basi."

Tukaendelea hivyo. Mimi naangalia matone yanavyoning'inia kwenye mwiko, yeye ananiambia nyasi, nyasi kidogo, nyasi zimekwisha. Mara akasema, "Dada, sasa ni kama tende," na wakati huohuo tone likaning'inia kwenye mwiko likakataa kuanguka. Nikaipua. Macho yangu na ulimi wake vilifika pamoja.

Haijawahi kutoka nzuri hivi. Rangi ya shaba, na ukiinua chupa unaona vidole vyako upande wa pili.

Jua lilipozama wazee walikuwa bado wamekaa. Nikaleta tende, maji, na kisahani cha asali ya moto. Maalim Sudi akapiga bismillahi, akachovya tende, akala. Akachovya ya pili. Ayi Liang hakungoja kukaribishwa, alichovya kidole, akalamba, akachukua chupa moja akaenda nayo ndani, akaiweka mezani kwake kati ya machungwa ya mwaka mpya. Hakutaja tena habari ya kuhama, na mimi sikumkumbusha.

Maalim akasimama kuondoka. "Kesho lete chila, mwanangu. Na asali isiwe kidogo."

Ningeweza kusema ndiyo yakaisha. Hata nilitaka hivyo. Lakini nilifuta mikono nikamwambia, kwa adabu zote, "Italetwa, Maalim. Ila nimezuiwa mbele za watu. Naomba nikaribishwe mbele za watu."

Wazee wakatazamana. Nikadhani nimepita kiasi. Maalim akasema, "Una haki," akavaa viatu vyake akaenda.

Leo asubuhi, baada ya swala, sebule yake imejaa watu, alinyanyuka kabla ya mtu yeyote kugusa chakula. Alisema: "Kuna maneno yalisemwa juu ya Zuhura, nami niliyaamini bila kumuuliza. Nilikosea. Anayekula kwangu leo, aanze na cha Zuhura." Akamega chila, akachovya, akala tukimwangalia. Sahani yangu ndiyo iliyokwisha kwanza.

Neema alikuja pia. Alikaa karibu na mlango, karibu na viatu, kama mtu asiye na uhakika na nafasi yake. Nilimwona. Niliacha akae hapo kidogo, nakiri, na iliniridhisha. Kisha nikamwita akae ubavuni kwangu.

Sasa yuko jikoni, namsikia anaosha chungu ambacho sikumwambia aoshe.

Sijui kama nimemsamehe. Kuna saa najiona nimemsamehe, halafu nakumbuka sauti ya Maalim kwenye simu, na hasira inarudi. Alinivunjia jina kwa sentensi moja, na alikwenda peke yake kwenye meza ile kulirudisha. Yote mawili ni yeye. Nitaweza kuishi na mtu wa namna hiyo? Nadhani naweza. Nadhani hata namtaka.

Kesho asubuhi nitachemsha chai ya tangawizi, nimwite, nimwambie usoni kwamba bado inaniuma. Akimaliza kunisikiliza, nimfundishe kushika mwiko.