Mustari nilichora bila kufika

Zaina, nasikia haya sana. Nimetoka sasa hivi kwenye réunion ya réserve, ile pori yenye serikali inataka kufunga.

Unakumbuka ile carte yangu ya limite, ramani ya mipaka ya réserve? Kule ndani ya pori niliandika «hakuna watu». Sikufika, Zaina. Mvua ilinyesha, njia ilikuwa mubaya, nikachora mustari ofisini Kisangani, nikiangalia tu picha za satellite.

Leo tumeonyesha carte kwa watu wa kijiji, ili wakubali na kusaini. Mama Agathe, muzee mumoja wa pale, akasimama. Akaweka kidole juu ya carte: «Ni wewe uliandika hapa hakuna mutu?»

Nikasema ndiyo.

«Wakati wa vita ya rébellion tulikimbilia hapa miaka mbili. Bwana yangu iko hapa. Watoto wangu wawili iko hapa. Kila mwaka tunaendaka kukata majani kwenye makaburi. Sasa tutaingia na ruhusa ya nani?»



Hilaire, chef wangu wa kazi, akanitetea: «Mama, huyu alitembea kila pahali.»

Zaina, kama ningenyamaza, ingepita! Nikasimama. «Hapana, chef. Sikufika.»

Bon, kusaini kumesimama. Hilaire hanisemeshi, pengine kazi yangu imekwisha.

Lakini chenye kinaniuma ni yule mama. Hakunitukana hata kidogo. Alinishika mukono tu: «Kesho tutaenda pamoja. Nitakutajia majina yao, wewe utaandika.»