Mkasi Unaonolewa Kimya

Dada yangu,

Sisi wazima, na bibi harusi ameshachukua gauni nililomshonea.

Lile begi nililofunga nije kwako nimelifungua. Mimi tukigombana nataka tuyamalize papo hapo. Shemeji yako huinuka kimya akaenda karakana, kwenye mbao zake. Nilidhani ananidharau. Mwezi uliopita nikamfuata huko nimpashe, nikamkuta ananoa mkasi wangu. Ndipo nikakumbuka kuwa kila baada ya ugomvi mkasi hukata vizuri, nami miaka tisa sikujiuliza kwa nini.

Ugomvi uliofuata nilimwachia anoe kwanza, halafu tukaongea. Yeye alisema maneno matatu, mengine nikajazia.

Wiki ya tatu hii hatujagombana. Mkasi umeanza kuwa butu.

Mdogo wako mwenye mdomo